Safari ya Maandishi katika Njia ya Tabora: kutoka Herufi za Kiarabu hadi Nukta Nundu za Yunikodi

Tarehe 13 Februari 1858 msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, ulifika mahali ambapo msafiri atokaye mashariki huliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Msafara huo ulikuwa umeondoka pwani katikati ya mwaka 1857, ukapita Ugogo, na tarehe 7 Novemba ukaingia Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Ulipumzika hapo, kisha ukashika njia ya Ujiji. Siku ile ziwa lilipoonekana, Speke hakuliona sawasawa. Macho yake yalikuwa yameshikwa na ugonjwa, akaona ukungu tu mahali ambapo wapagazi waliona maji.

Habari hiyo husimuliwa kwa kawaida kama mkasa wa wapelelezi. Kwa historia ya maandishi ya Kiswahili ina maana nyingine. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 29 tangu Louis Braille, Mfaransa asiyeona, kuchapisha huko Paris mwaka 1829 utaratibu wake wa kuandika kwa nukta zinazosomwa kwa vidole. Speke alipata nafuu. Lakini katika njia ile ile walikuwamo wengi wasioipata. Ndui ilifuatana na misafara, na miongoni mwa walionusurika na mauti wako waliopoteza macho. Katika Ugogo, trakoma imekuwa ugonjwa wa vizazi vingi. Watu hao hawakuwa na shule wala kitabu cha nukta. Kiswahili, lugha ya njia hiyo, kilikuwa kikiandikwa, lakini kiliandikwa kwa wenye macho peke yao.

Makala haya yafuata safari ya maandishi ya Kiswahili katika njia ya Tabora kupitia hatua nne: herufi za Kiarabu, herufi za Kirumi, nukta nundu, na mwisho nukta hizo hizo zilipopewa nafasi katika daftari la herufi za kompyuta liitwalo Yunikodi. Hoja yake ni moja. Kila mara maandishi yalipohamishwa kutoka hati moja hadi nyingine, kilichopotea hakikupotea kwa sababu hati mpya ilikuwa mbaya, bali kwa sababu kazi ya kuamua neno na kazi ya kuonyesha alama zilichanganywa pamoja. Yunikodi imetenganisha kazi hizo mbili kwa upande wa nukta nundu. Faida ya utengano huo kwa Kiswahili ni kubwa, lakini itapatikana tu ikiwa wataalamu wa lugha watatimiza sehemu yao.

Herufi za Kiarabu

Waarabu na Waswahili kutoka pwani walijenga makao yao Unyanyembe kuelekea katikati ya karne ya 19. Hapo njia zilikutana: ya mashariki ikishuka Bagamoyo na pwani, ya magharibi ikienda Ujiji, na ya kaskazini ikipanda Karagwe hata Buganda. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa uchukuzi katika njia hizo. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani. Nguo, shanga, waya na bunduki vililetwa bara. Pamoja na mizigo hiyo zilikwenda barua.

Barua ilikuwa mzigo mwepesi, lakini haikuwa na haraka kuliko mizigo mingine. Henry Morton Stanley alipokaa Unyanyembe mwaka 1871 alikuta huko mfuko wa barua za David Livingstone, ulioandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Mwenyewe alikuwa bado hajarudi Ujiji, na mfuko ulikuwa umekwama njiani. Stanley aliuchukua, akamkabidhi mwenyewe Novemba 1871. Mfuko huo waonyesha jambo ambalo litarudi mara nyingi katika historia hii: andiko huweza kuwa kamili, limefungwa vizuri, na bado lisimfikie msomaji, kwa sababu tu kiungo kimoja cha njia hakikuwapo.

Barua za Waswahili wenyewe ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zililetea Kiswahili elimu na utaratibu wa uandishi karne nyingi kabla ya kufika kwa wamisionari, lakini hazikubuniwa kwa sauti za Kibantu. Irabu za Kiarabu huonyeshwa kwa alama tatu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasra iliweza kusomwa i au e, na dhuma iliweza kusomwa u au o. Kwa desturi ya zamani herufi ya b ilichukua pia kazi ya p, na mara nyingi ya mb. Herufi ya ghaini ilibeba sauti za g, ng na ng'. Baadaye wanavyuoni wa Mombasa walizidisha alama ili kuziba mapengo hayo. Hata hivyo, kwa mwandishi na msomaji waliojuana, mapengo hayakuwa na madhara makubwa. Msomaji alijua lugha, akajaza mwenyewe kile ambacho wino haukusema.

Taabu ilianza pale ambapo mwingine alitakiwa kuhamisha maandishi hayo. Mfano ulio maarufu kuliko yote wahusu mtu wa njia hiyo hiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mtoto wa mfanya biashara aliyekaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Katika uzee wake Unguja aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa ya herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na baadaye yakatolewa tena katika Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley.

Kazi ya Brode ni hazina. Lakini ndani yake zilikuwamo kazi mbili zilizofanywa kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kusoma, yaani kuamua kwamba neno hili ni lipi kati ya maneno ambayo herufi zaruhusu. Ya pili ni kuonyesha, yaani kuliweka neno hilo katika alama nyingine. Msomaji wa kitabu kilichochapwa huona matokeo ya kazi zote mbili yakiwa yameungana, na haoni tena ni wapi alama moja ya Kiarabu ilikubali kusomwa kwa njia mbili. Hilo si kosa la Brode. Ndiyo hali ya kila ugeuzaji wa hati usioacha alama ya hukumu zake.

Herufi za Kirumi

Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika maofisi na shule, na taratibu herufi za Kirumi zikachukua nafasi ya zile za Kiarabu katika kazi za serikali. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo kitabu kilichochapwa kiliweza kusafiri kwa siku chache mahali ambapo mpagazi alitumia miezi. Chini ya utawala wa Waingereza lilikuja swali la usanifishaji. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulianzisha jambo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali lahaja ya Unguja iwe msingi. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake. Watoto waliosoma katika shule ya serikali ya Tabora, ambako Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, walisoma Kiswahili kilichokwisha kupangiwa tahajia.

Tahajia hiyo ilitatua mengi yaliyokuwa yakisumbua katika herufi za Kiarabu. Irabu tano zilipata alama tano. Sauti ambazo hazina herufi yake ya pekee katika Kirumi ziliandikwa kwa herufi mbili: ch, dh, gh, ny, sh, th. Na sauti ya king'ong'o ilitengwa na ng ya kawaida kwa kuongezewa ritifaa: ng'. Alama hiyo ni ndogo sana machoni, lakini kazi yake si ndogo. Ng'oa ni kuvuta kitu kitoke mahali kilipopandwa. Ngoa ni wivu na tamaa. Katika nchi ya Tabora alama hiyo hutumika zaidi kuliko katika sehemu nyingi za pwani, maana Kinyamwezi na Kisukuma vina majina mengi yaanzayo na ng'w, na hata mjini Tabora iko kata iitwayo Ng'ambo. Mtu akiiondoa ritifaa hapo, ameliharibu jina la mtu au la mahali.

Nukta nundu

Maandishi ya Braille, ambayo katika Tanzania yameitwa kwa jina zuri la nukta nundu, yamejengwa juu ya chumba kimoja chenye nukta sita: nukta 1, 2 na 3 upande wa kushoto, nukta 4, 5 na 6 upande wa kulia. Kwa kuinua baadhi ya nukta na kuziacha nyingine bapa hupatikana maumbo 64, likiwamo lile lisilo na nukta hata moja. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata hupatikana kwa kuongeza nukta 3. Na zinazobaki kwa kuongeza nukta 3 na 6. Herufi w iko nje ya mpango huo kwa sababu Kifaransa cha wakati wa Braille hakikuihitaji, ikaongezwa baadaye. Hivyo herufi ambayo kwa Braille ilikuwa ya ziada, katika Kiswahili imekutana na lugha isiyoweza kusema watu, mwana wala kwao bila hiyo.

Shule za wasioona zilianza kufunguliwa Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20. Shule ya Thika katika Kenya ilianza mwaka 1946. Katika Tanganyika, Waanglikana walifungua shule ya Buigiri mwaka 1950, katika Ugogo, nchi ile ile ambayo misafara ya Tabora iliivuka kwa shida ya maji na hongo. Tabora yenyewe ilipata shule ya wasioona iitwayo Furaha. Mwaka 1951 mashine ya kuandikia ya Perkins ilianza kutengenezwa Marekani, nayo ikaenea katika shule za dunia nzima. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa kitabu cha Clutha Mackenzie juu ya matumizi ya maandishi ya Braille duniani. Lengo la kazi hiyo lilikuwa kwamba herufi au sauti iliyo moja katika lugha mbalimbali iandikwe kwa umbo moja la nukta kadiri iwezekanavyo, ili vitabu na mashine viweze kutumika pande zote. Mwaka 1964 wasioona wa Tanzania waliunda chama chao wenyewe.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuangaliwa ni hili: nukta nundu za Kiswahili hazikujengwa moja kwa moja juu ya sauti za lugha. Zilijengwa juu ya tahajia ya Kirumi. Kwa hiyo kila uamuzi wa miaka ya 1920 na 1930 ulihamia katika nukta pamoja na nguvu zake na udhaifu wake. Ng' ikiandikwa herufi kwa herufi, na ritifaa ikionyeshwa kwa nukta 3 peke yake kama ilivyo katika Kiingereza, huchukua vyumba vitatu: ⠝⠛⠄. Katika chumba cha mwisho iko nukta moja tu. Nukta hiyo ikichakaa kwa kuguswa mno, au mashine isipoipiga vizuri, ng'oa inakuwa ngoa chini ya kidole kama ambavyo zingeweza kuchanganyika chini ya ghaini moja ya karani wa zamani.

Liko pia tatizo la ukubwa. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una mistari ipatayo 25 yenye vyumba 40, yaani vyumba 1,000 kwa jumla, na karatasi yake ni nene. Kitabu kinachotosha katika mfuko wa koti hugeuka kuwa juzuu kadhaa za kubebwa kwa mikono miwili. Mpagazi wa Kinyamwezi angekitambua kuwa mzigo. Ndiyo maana lugha mbalimbali zimebuni vifupisho, ambavyo kwavyo umbo moja husimama badala ya silabi au neno zima. Lakini vifupisho ni mali ya lugha moja. Katika Kiingereza umbo ⠯ ni neno zima lenye herufi a, n, d. Andiko la Kiswahili likipitishwa katika kanuni za Kiingereza, neno andika hutoka ⠯⠊⠅⠁, na msafara hupoteza herufi mbili ndani ya kifupisho ⠜. Mtoto aliyefundishwa Kiswahili peke yake hawezi kuyasoma maneno hayo, ingawa kwa fundi wa mashine kila nukta imepigwa sawasawa.

Nukta katika kompyuta

Katika miaka ya 1960 kiwanda cha American Printing House for the Blind, huko Louisville, kilianza kutumia kompyuta kubwa za IBM kugeuza Kiingereza kuwa nukta. Kompyuta za wakati huo hazikujua nukta. Zilijua herufi, tarakimu na alama za kawaida za uandishi. Hivyo mafundi walichukua alama 64 za mpangilio wa ASCII, wakaupa kila mmoja umbo moja la nukta. Alama ya mkato ikawa nukta 6, ambayo hutangulia herufi kubwa. Alama ya reli, #, ikawa nukta 3, 4, 5 na 6, ambayo hutangulia tarakimu. Na kwa kuwa tarakimu za Braille ni herufi a hadi j, maneno Tabora 1871 yakahifadhiwa hivi: ,tabora #ahga.

Mpango huo ulifanya kazi, na mashine nyingi bado huuelewa. Lakini ulirudisha lile kosa la kale. Faili lenye #ahga halisemi lenyewe kama ni nukta au ni herufi. Mwalimu mwenye macho akilifungua huona fujo. Programu nyingine huliona kuwa maandishi ya kawaida yaliyoharibika. Na zaidi ya hayo, mpango huo haukuwa wa dunia nzima: nchi za Ulaya zilikuwa na mipango yao, na alama iliyosimamia umbo moja huku ilisimamia umbo jingine kule. Faili lililotayarishwa kwa mashine ya kupigia nukta ya aina moja liliweza kutoka upuuzi katika mashine ya aina nyingine. Nchi inayopokea vifaa kutoka mahali pengi, kila kifaa na desturi ya kwao, ndiyo huathirika zaidi. Kifaa kikifa, maktaba iliyotayarishwa kwa ajili yake hubaki kama mfuko wa Livingstone katika Unyanyembe: imefungwa vizuri, na haimfikii mwenyewe.

Mwaka 1999 toleo la 3.0 la Yunikodi liliweka nukta nundu katika daftari la herufi za dunia. Zilipewa nafasi 256, kwa kuwa zilihesabiwa nukta nane badala ya sita, maana vifaa vya kompyuta huongeza nukta 7 na 8 chini ya chumba. Hesabu yake ni nyepesi. Nafasi ya kwanza, ya chumba kitupu, ni namba 10240. Nukta 1 huongeza 1, nukta 2 huongeza 2, nukta 3 huongeza 4, nukta 4 huongeza 8, nukta 5 huongeza 16, nukta 6 huongeza 32, nukta 7 huongeza 64, na nukta 8 huongeza 128. Herufi t ina nukta 2, 3, 4 na 5. Jumla yake ni 30, nayo nafasi yake ni 10270. Mtu aweza kuikokotoa kwa kalamu bila kuuliza mashine yoyote.

Lililo la maana zaidi ni kile ambacho Yunikodi ilikataa kufanya. Haikuyaita maumbo hayo a, b au ch. Iliyataja kwa nukta zake tu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa umbo ⠡ katika Kiingereza ni ch, katika Kifaransa ni a yenye kofia, na katika Kijerumani ni au. Yunikodi yahifadhi umbo. Maana ya umbo yaachwa kwa lugha.

Majedwali mawili

Utengano huo waonekana wazi katika programu iitwayo liblouis, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kupewa jina kwa heshima ya Louis Braille. Mwanzilishi wake, John J. Boyer, alikuwa Mmarekani asiyeona wala kusikia. Ni programu huria, na hutumiwa ndani ya visomaji skrini vingi, kikiwamo NVDA. Pamoja nayo kuna programu ndogo, lou_translate, isiyo na picha wala vitufe vya kubofya. Huendeshwa kwa amri ya maneno iliyochapwa. Maandishi huingia upande mmoja na nukta hutoka upande wa pili. Kwa mtumiaji asiyeona, njia hiyo ya maneno matupu mara nyingi ni nyepesi kuliko dirisha lililojaa picha. Kwa mtunza kumbukumbu, amri moja yaweza kugeuza mafaili mia kwa kanuni ile ile.

Kazi ya liblouis huongozwa na majedwali yaliyoandikwa kwa herufi za kawaida, ambayo mtu yeyote aweza kuyasoma na kuyasahihisha. Jedwali la kugeuza husema: herufi hii, au mkusanyo huu wa herufi, ni nukta hizi. Jedwali la kuonyesha husema: nukta hizi zitolewe kwa alama hii. La kwanza ni la lugha. La pili ni la kifaa. Ili programu itoe Yunikodi badala ya alama za mtindo wa ASCII, haihitajiwi kuandika upya kanuni za lugha hata moja. Hutajwa tu jedwali la kuonyesha liitwalo unicode.dis, ambalo huipa kila nukta nafasi yake ya Yunikodi. Maneno Tabora 1871 hapo hutoka ⠠⠞⠁⠃⠕⠗⠁ ⠼⠁⠓⠛⠁, na mwalimu mwenye macho, mwanafunzi mwenye kifaa cha kusomea nukta, mchapaji na mhariri wa jarida huwa na kitu kimoja mbele yao.

Hapa ndipo kazi mbili zilizounganishwa mkononi mwa Brode zimetenganishwa. Hukumu juu ya lugha imeandikwa katika jedwali moja, ambapo yaweza kuonekana, kupingwa na kurekebishwa. Sura ya alama iko katika jedwali jingine. Akija mtu baada ya miaka 50 akitaka kujua kwa nini neno fulani liliandikwa hivi, atafungua jedwali la kwanza na kusoma.

Kiswahili kimo katika majedwali hayo. Liblouis ina majedwali ya Kiswahili yenye jina la Kenya, yakianza na ngazi ya 1, isiyo na vifupisho, yakipitia ngazi nne za katikati hadi ngazi ya 2. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini jina hilo la Kenya lafaa kuangaliwa na wataalamu wa upande wa Tanzania. Jedwali ni tamko la tahajia, sawa na kitabu cha kanuni, isipokuwa mashine hulitii bila kuuliza. Shule ya Tabora na shule ya Thika zikitumia jedwali moja, yafaa liwe jedwali ambalo pande zote mbili zimelisoma na kulikubali, kama ilivyofanywa kwa tahajia ya wenye macho mwaka 1928.

Ritifaa tena

Mfano wa ng' waonyesha kwa nini jambo hili haliwezi kuachiwa mafundi peke yao. Katika Yunikodi kuna ritifaa iliyonyooka, namba 39, na kuna alama iliyopinda, namba 8217. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili zenyewe, ili ukurasa upendeze. Lakini alama 8217 ni pia alama ya kufunga nukuu. Jicho la mwanadamu halijali tofauti hiyo. Jedwali lajali. Ikiwa jedwali laijua alama iliyopinda kuwa kifunga nukuu tu, neno Ng'ambo litakatwa katikati kana kwamba msemaji amenyamaza baada ya ng. Ikiwa jedwali haliijui kabisa, liblouis huandika badala yake namba ya alama hiyo, na kidole cha msomaji hukutana na tarakimu ndani ya jina la kata yake.

Mtu aweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini mtoto wa Kisukuma au wa Kinyamwezi ambaye jina lake laanza na Ng'w hukutana na kosa hilo katika neno la kwanza analotaka kujifunza kuandika. Na dawa yake haimo katika Yunikodi, ambayo imetoa nafasi kwa alama zote mbili bila upendeleo. Imo katika sentensi moja ya kanuni: kwamba katika Kiswahili alama yoyote kati ya hizo mbili, ikija baada ya ng na kufuatwa na irabu au w, ni sehemu ya konsonanti, wala si alama ya nukuu. Sentensi hiyo fundi hana mamlaka ya kuitunga. Ni mwanaisimu awezaye kuitunga. Na akiisha kuitunga, fundi aiweka katika jedwali kwa mistari michache.

Kazi iliyobaki

Historia hii yaonyesha basi kwamba kupewa nafasi katika Yunikodi si mwisho wa safari. Herufi za Kiarabu, pamoja na zile zilizozidishwa nukta kwa ajili ya p, ch na v, zimo katika daftari hilo. Herufi za Kirumi zimo. Nukta nundu zimo. Kwa mara ya kwanza hati zote tatu zilizoandikia Kiswahili katika njia ya Tabora zaweza kukaa katika faili moja, mstari chini ya mstari. Mhariri wa maandishi ya kale aweza kuweka juu maneno kama yalivyoandikwa na karani, chini yake usomaji wa herufi za Kirumi, na chini yake tena nukta, ili mtafiti asiyeona aupime usomaji huo mwenyewe badala ya kusomewa na mwingine. Jambo hilo ni la maana kwa chuo kikuu, ambamo mtafiti asiyeona ana haki ya kubishana na mhariri juu ya irabu moja.

Ili hayo yawezekane, mambo matatu yahitajiwa. La kwanza ni kwamba maandishi ya nukta nundu yatakayowekwa akiba yahifadhiwe kwa Yunikodi, si kwa alama za kifaa fulani, na kila faili litaje jedwali lililoligeuza na mwaka wake. Maana nukta bila kanuni ni kama ghaini bila msomaji ajuaye lugha. La pili ni kwamba andiko la asili la herufi za Kirumi litunzwe pamoja na nukta zake, kwa kuwa vifupisho vikibadilishwa ni rahisi kugeuza upya kutoka kwenye asili kuliko kufumua nukta zilizokwisha kufupishwa. La tatu ni kwamba taasisi za Kiswahili za nchi za Afrika Mashariki, zikishirikiana na walimu na wasomaji wasioona wenyewe, ziyapitie majedwali ya Kiswahili neno kwa neno, zikianza na ng', herufi pacha, na ngazi za vifupisho.

Kazi hiyo haihitaji mali nyingi. Jedwali zima ni faili dogo la maandishi ya kawaida, lisilozidi uwezo wa watu wachache wenye subira. Mwaka 1858 utaratibu wa Braille ulikuwapo Paris, na wasioona walikuwapo katika njia ya Unyanyembe. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha, na kungoja kwake kulichukua karibu miaka mia moja. Leo nukta zina namba zake, programu yapatikana bila malipo, na shule zipo. Kiungo kilichobaki ni kanuni, na kanuni ni kazi ya wanaoijua lugha.